Wakimbiaji wasifungiwe ndani: kinachohitaji kupangwa ni saa na msimu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao kwa muda sasa umekuwa ukiendelea miongoni mwa wapenzi wa riadha hapa Visiwani Zanzibar, vijiweni na hata katika vikao vya klabu, kuhusu mahali panapofaa wanamichezo wa masafa marefu wafanyie mazoezi yao kwa mwaka mzima. Wapo wanaosema kwamba vijana wetu hawatofika popote mpaka wajengewe kumbi za kisasa zenye viyoyozi na mashine za kukimbilia, kwa sababu wakati wa kaskazi nje kuna joto lisilostahimilika na wakati wa masika kuna mvua isiyokatika. Wapo pia, na hawa ni wengi zaidi huku Pemba, wanaoiona mashine ya kukimbilia kuwa ni kitu cha watalii na cha wenye nafasi wa mjini, na wanaoamini kwamba mkimbiaji wa kweli ni yule anayepigwa na jua mpaka akome. Mimi ni mwalimu wa skuli ninayewafundisha vijana mbio kwa kujitolea, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania swali ambalo asili yake si hapa.

Swali la ndani au nje limetoka katika nchi ambazo mchana wa Disemba hufupika hadi chini ya muda wa saa sita, kama katika mji wa Oslo, na ambako barabara hufunikwa na barafu inayovunja watu miguu. Huko mtu ana sababu ya haki ya kuingia ndani. Ingrid Kristiansen wa Norwei, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake jijini London mwaka 1985 kwa saa 2:21:06, alijulikana kwa kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi juu ya mashine. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Christine Clark, daktari wa Anchorage katika jimbo la Alaska, ambaye mwezi wa Februari mwaka 2000 alishinda mchujo wa Marekani wa marathoni ya Olimpiki uliofanyika Columbia, South Carolina, siku ambayo wenzake wengi walisumbuliwa na joto. Alikuwa amefanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi ndani ya nyumba, juu ya mashine, katika chumba chenye joto. Watu huutaja mfano huu kuonyesha kwamba mashine inatosha, lakini mimi naona unaonyesha jambo jingine: mwili wake ulikuwa umeshazoea kutoka jasho, wakati miili ya waliokimbia nje kwenye baridi haikuwa imezoea.

Sasa tujitazame sisi. Tupo baina ya nyuzi kama 5 na 6 na nusu kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 jioni, na tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa hivi, kwa hivyo hakuna mwezi unaoweza kumnyima mkimbiaji mwangaza. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hutupita wima juu ya utosi. Kinachotubana si giza wala barafu. Ni joto lililochanganyika na unyevu wa bahari, na anayetaka kupanga mazoezi ya mwaka hapa Visiwani ni lazima aanze kwa kuelewa namna vitu hivi viwili vinavyofanya kazi mwilini.

Mkimbiaji anapokimbia, takriban robo tatu ya nguvu anayoitumia haiendi kwenye mwendo bali hugeuka kuwa joto. Kijana wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 hutumia kiasi cha kilokalori 600, na katika hizo kama 450 ni joto ambalo mwili unapaswa kulitoa nje. Njia kubwa ya kulitoa ni jasho, na lita moja ya jasho, likikauka lote juu ya ngozi, huondoa takriban kilokalori 580. Kwa hesabu hiyo lita moja ingetosha na kubaki. Tatizo ni hilo neno «likikauka». Jasho linalodondoka chini halipoozi kitu, na katika hewa yetu iliyojaa maji jasho la mkimbiaji hukaa mwilini kama kanga iliyoanikwa siku ya masika. Ndiyo maana kijana anaweza kurudi ametota kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, akajiona amefanya kazi kubwa ya kujipooza, kumbe nusu ya maji hayo yamepotea bure na joto limebaki ndani.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Anayefanya mazoezi kwenye joto kila siku kwa muda wa siku 10 hadi 14 hupata mabadiliko ambayo yanajulikana vizuri katika elimu ya michezo: maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hushuka kwa mwendo ule ule, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi inayotoka nalo hupungua. Mabadiliko haya hayadumu. Akiyaacha mazoezi ya joto, baada ya wiki tatu au nne sehemu kubwa huwa imeondoka. Hapa ndipo ninapopingana na wanaotaka vijana wetu wapitishe kaskazi nzima ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu mkimbiaji wa namna hiyo atatoka nje siku ya mashindano akiwa mgeni katika kisiwa alichozaliwa. Wenzetu wa Iten nchini Kenya wana mwinuko wa mita 2,400 hivi, na wa Arusha na Mbulu wana nyanda zao za juu. Sisi hatuna mlima, lakini tuna joto, na joto nalo ni mwalimu. Inachekesha kidogo kwamba waendesha baiskeli wa Norwei hujifungia chumbani, wakavaa nguo nzito zisizopitisha hewa na kupanda baiskeli isiyokwenda popote, ili watengeneze kwa makusudi hali ambayo sisi tunaipata bure tukifungua mlango.

Na mashindano makubwa ya dunia yanazidi kukimbiliwa kwenye joto. Mwaka 2019 mjini Doha marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianzishwa karibu na saa 6 za usiku ili kulikimbia jua, lakini unyevu haukulala: kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo kwa ajili ya joto, na hata huko ile ya wanawake ikaanzishwa mapema zaidi kwa saa nzima. Alipotwaa Alphonce Simbu dhahabu ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo mwezi wa Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, alikimbia katika asubuhi ya joto na unyevu, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wakiwa wamepewa muda mmoja wa 2:09:48. Mkimbiaji aliyelelewa Visiwani asingepaswa kuiogopa asubuhi kama ile.

Simaanishi kwamba vijana wakimbizwe saa 7 za mchana. Hapo ndipo ninapoachana na kundi la pili. Joto kali hupunguza kasi, na kijana anayefanya kila zoezi lake kwenye jua hujifunza kukimbia polepole huku amechoka, wala hajifunzi kingine. Mazoezi ya kasi yanahitaji saa ya baridi kuliko zote, na saa hiyo kwetu ni baada ya sala ya Alfajiri. Hata hivyo, watu wengi hawatambui kwamba alfajiri, ingawa joto lake ni la chini, ndiyo saa ambayo hewa hushiba maji kupita wakati mwingine wowote wa siku, kwa hivyo mkimbiaji asishangae kuona jasho lake halikauki ingawa jua bado halijatoka. Jioni baada ya Alasiri unyevu hupungua na upepo wa bahari huwa umeshaingia, lakini lami imebeba joto la kutwa nzima na hulirudisha miguuni. Mimi huwapa vijana mazoezi ya kasi alfajiri na ya mwendo wa pole jioni, na zile siku 10 au 14 za kuzoea joto tunazichukua katika wiki za mwanzo za kaskazi kwa kusogeza mbio za pole mbele kidogo kuelekea juani, tukianza na dakika chache na kuongeza taratibu.

Msimu ninaouthamini kuliko yote ni wa kusi, hasa wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo hewa hupoa, mvua hupungua na upepo hukaza. Huu ndio wakati wa kukusanya kilomita, na ni dhambi ya kimichezo mtu kuutumia ndani. Upepo wenyewe ni kifaa cha mazoezi. Atakayekimbia kutoka Paje kuelekea Jambiani akiwa ameuelekea kusi atajua maana ya kusukumwa kifuani bila ya kilima. Akigeuka kurudi atajiona anaruka, lakini asidanganyike, kwani upepo unaokwenda sawa na mwendo wake humfanya awe kama amesimama kwenye hewa iliyotulia, jasho haliondoki, na baada ya kilomita moja mbili anapata joto kuliko alipokuwa akipambana nao. Kwa hivyo ninayemfundisha humwambia atoke na upepo mgongoni angali mpya na arudi akiukabili, ili apoozwe pale anapouhitaji.

Ufukwe nao una elimu yake, na hapa watu wa pwani tuna faida ambayo hainunuliki. Mchanga mkavu na laini humgharimu mkimbiaji nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa mwendo ule ule, kwa hivyo unafaa kwa vipande vifupi vya kujenga miguu na haufai kwa mbio ndefu, kwani kisigino huzama na mshipa wa nyuma ya mguu huvutwa kupita kiasi. Mchanga mzuri ni ule ulio mbichi na mgumu unaoachwa na maji yakipwa, kama wa Vumawimbi. Tatizo ni kwamba wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na kuacha uwanja mpana, kupwa huko huangukia kwenye saa 4 za asubuhi na saa 4 za usiku, yaani juani au gizani. Maji mafu ndiyo yanayokupwa karibu na alfajiri na alasiri, lakini hayaendi mbali, na njia inayobaki ni nyembamba na ya mshazari. Anayeikimbia njia ya mshazari kwa upande mmoja tu, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, atalipa kwa goti au nyonga. Mvuvi yeyote kijijini atakwambia kesho maji yanakupwa saa ngapi, na kocha wa mbio asiyeuliza anajinyima kitu.

Njia zenye kivuli, kama ile inayopita katika msitu wa Ngezi ukitoka Konde, zinapendwa na wengi kwa kuwa jua halifiki. Zina raha yake, ingawa chini ya miti upepo pia haufiki, na unyevu hukaa. Vilima vya Pemba sivisemi sana, kwa vile kila anayeishi huku anavijua kwa mapaja yake.

Basi ndani kuna kazi gani? Ipo, na si ndogo. Kwanza ni masika, hasa Aprili na Mei. Mvua peke yake haimdhuru mkimbiaji, na mara nyingi humpooza vizuri kuliko kitu chochote. Kinachodhuru ni radi, na shimo la barabarani lililojificha chini ya maji. Kanuni yangu ni kwamba ngurumo ikisikika tunaingia ndani, na hatutoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Pili ni mwenye jeraha anayerudi taratibu, ambaye anahitaji sehemu tambarare, laini, isiyo na gari, anayoweza kuishuka wakati wowote akihisi maumivu badala ya kujikuta yuko kilomita tano kutoka nyumbani. Tatu ni zoezi la mwendo uliopimwa. Mashine haichoki wala haiongopi, ilimradi imerekebishwa vizuri, na kijana ambaye kila siku anaanza kwa kasi na kumalizia kwa kutembea hufundishwa na ukanda ule somo ambalo maneno yangu hayajaweza kumfundisha.

Lakini anayeitumia aelewe tofauti zake. Juu ya mashine hakuna upepo wa mbele wa kukatwa, na kwa wakimbiaji wenye kasi inakubalika kwamba kuinua mashine kwa asilimia 1 hufidia upungufu huo. Kukosekana kwa upepo huo kuna maana nyingine ambayo kwetu ni nzito zaidi: hakuna kinachokausha jasho. Nimeona katika vyumba vya mazoezi visivyo na kiyoyozi wala feni, dirisha moja nalo limezibwa na kabati, kijana akikimbia dakika 20 huku dimbwi likijikusanya pembeni mwa mashine na kioo cha ukutani kikiota ukungu. Chumba cha namna ile ni cha hatari kuliko barabara ya saa 2 asubuhi. Kama pesa zipo za kununua kitu kimoja tu, inunuliwe feni kubwa kabla ya mashine ya pili.

Na sehemu kubwa ya kazi ya ndani haihitaji mashine kabisa. Kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka na mzigo begani, kupanda na kushuka ngazi, kusimama kwa mguu mmoja, kukaza misuli ya tumbo na mgongo, yote haya tunayafanya chini ya paa la baraza ya skuli wakati mvua inamwagika uani, na ndiyo mazoezi yanayomkinga mkimbiaji na majeraha. Waendesha baiskeli nao wanaweza kuifunga baiskeli ile ile ya barabarani juu ya fremu ya kukanyagia ndani, na waogeleaji hawana la kulalamika maadamu bahari ipo. Isitoshe, mashine inakula umeme, na umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka bara, kama wa Pemba unavyotoka Tanga. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza baada ya waya kuharibika, wanajua kwamba programu nzima ya mazoezi haifai kuning'inizwa kwenye plagi.

Ipo hoja moja ya kumbi za ndani ambayo siwezi kuipita haraka, nayo inawahusu watoto wa kike. Ninao wasichana wanaoweza kukimbia kuliko wavulana wa darasa lao, na wakifika kidato cha pili au cha tatu hupotea. Si kwamba wamechoka. Wanaambiwa barabarani maneno wasiyostahili, wazazi wanaona aibu, na mtoto anapewa kazi ya nyumbani saa ya mazoezi mpaka anaacha mwenyewe. Kwa msichana wa namna hii, chumba chenye mlango unaofungwa, chenye saa maalumu za wanawake na mwalimu wa kike, ndicho kinachoamua kama atakimbia au hatokimbia, na mzazi anayekitaka hana haja ya kubishana na mtu kuhusu joto na unyevu. Naunga mkono kumbi kwa ajili yao bila ya kusita. Hata hivyo nawaomba wenye mamlaka wasiishie hapo, kwa sababu viwanja vyenye uzio kama Gombani na Amaan vinaweza kutengewa saa za wanawake asubuhi mbili au tatu kwa wiki kwa gharama ya kumlipa mlinzi tu, na msichana akapata anga, upepo na njia ya kukimbilia akiwa amevaa nguo ndefu nyepesi anayoiridhia. Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa si kizuizi cha mbio. Yule bwana anayekaa kijiweni akirusha maneno ndiye kizuizi, na yeye hatibiwi kwa kiyoyozi.

Mwezi wa Ramadhani unadai mpango wake. Kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, miaka hii umeangukia Februari na Machi, katikati ya joto la kaskazi, na miaka michache ijayo utaingia Januari na Disemba. Mfungaji asikimbie asubuhi, kwani atabaki na kiu kutwa nzima bila ya njia ya kurudisha maji aliyopoteza. Akipenda mwendo wa pole aufanye katika dakika za mwisho kabla ya Magharibi, ambapo dafu liko karibu. Mazoezi yenye uzito ayaweke baada ya Tarawehe. Na hapa nakiri kwamba ukumbi wenye taa, au uwanja wenye taa, una faida kubwa kuliko barabara, kwa sababu usiku ule barabara zimejaa watu na vyombo.

Barabara zenyewe ndizo zinazonitia hofu kuliko jua. Alfajiri, saa ambayo nimeisifu kuwa bora kuliko zote, ndiyo saa ambayo daladala zinawahi abiria, vespa hazina taa ya nyuma, na mkimbiaji aliyevaa fulana nyeusi haonekani mpaka ameshafikiwa. Wakati wa msimu wa karafuu, pembezoni mwa barabara nyingi za Pemba kumetandikwa majamvi ya kuanikia, na mkimbiaji hawezi kukanyaga mali ya mtu, kwa hivyo huingia katikati ya lami. Siwalaumu wenye karafuu. Wao ndio wanaotulisha. Nachoomba ni kwamba katika kila wilaya kichaguliwe kipande kimoja cha barabara, hata cha kilomita mbili tu, kifungwe kwa vyombo vya moto kuanzia saa 11 hadi saa 1 asubuhi kwa siku chache za wiki. Vikundi vya mazoezi ya viungo, ambavyo kila tarehe 1 Januari tunaviona vikiandamana kwa maelfu, vingefaidika pamoja na wakimbiaji. Gharama yake ni vizuizi viwili na askari mmoja, na haifiki bei ya mashine moja.

Kuhusu maji nitasema kidogo. Kila kijana apimwe uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Aliyeondoka na kilo 60 akarudi na kilo 58.5 amepoteza lita moja na nusu, na hiyo imeshapita asilimia 2 ya uzito wake, kiwango ambacho mara nyingi nguvu huanza kushuka. Anywe kwa kiu yake njiani na arudishe kilichobaki baadaye pamoja na chakula chenye chumvi. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari, kwani hushusha chumvi ya damu, na katika mbio ndefu kumeshaua watu.

La mwisho ni mashindano yetu wenyewe, ambayo yote yako nje na hayana budi kuwa nje. Wataalamu hupima hatari ya joto kwa kipimo ambacho kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi huhesabiwa sehemu 7 katika 10, cha ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua sehemu 2, na cha kawaida kilichowekwa kivulini sehemu 1 tu, na mgawanyo huo unaonyesha jinsi unyevu unavyozidi kila kitu. Mkimbiaji akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka katika joto, huenda joto la ndani ya mwili wake limepita nyuzi 40, na kinachomwokoa ni kupoozwa pale pale alipo kabla ya kupakiwa kwenye gari. Beseni kubwa la maji na barafu la kumzamisha mpaka shingoni linatosha, na barafu halikosekani, kwani ndilo linalohifadhia samaki sokoni. Kila mwenye kuandaa mbio awe nalo kwenye mstari wa kumalizia.

Na mbio zianze saa 12 na nusu asubuhi. Nimesimama na vijana katika mashindano yaliyotangazwa kuanza saa 1, wakajipasha moto, wakapoa, wakajipasha tena, wakakaa juani mpaka karibu na saa 3 kwa sababu mgeni rasmi hajafika, kisha wakaambiwa wakimbie kilomita 21 katika jua ambalo hakuna aliyelipangia. Mazoezi ya mwaka mzima, ya ndani na ya nje, yalimalizikia pale. Kwa heshima zote, mgeni rasmi anaweza kupokewa kwenye mstari wa kumalizia, akakuta mbio zimekwisha na medali zinamsubiri azivishe.

Wako katika michezo,

Mwalimu wa mbio wa kujitolea,
Chake Chake, Pemba